Kabla ya kuhesabu nukuu, tafuteni jina

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kazi alinifuata nyumbani, hapa Kamalondo, na karatasi mbili mkononi. Ilikuwa orodha ya machapisho yake katika uchakataji wa lugha asilia, yaani kazi ya kuifundisha kompyuta lugha za watu. Anaomba kupandishwa cheo. "Yaya," akaniambia, kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa, "wameniuliza kwa nini nukuu zangu ni chache, na majarida yangu yako wapi." Nukuu ni mara ambazo makala za wengine zimeitaja makala yako.

Nilimwomba aweke karatasi pembeni kwanza, tutafute jina lake.

Sisi Wakongo tunaandika jina, halafu postnomu, yaani jina la pili linalolifuata, halafu prenomu, kama Joseph, mwishoni. Programu nyingi zinazokusanya makala zinadhani neno la mwisho ndilo jina la ukoo. Chukua rais wetu wa zamani, Joseph Kabila Kabange. Lubumbashi nzima inamwita Kabila, lakini programu ya namna hiyo itamweka chini ya Kabange. Ukimwandika kwa mpangilio wa shuleni, Kabila Kabange Joseph, atakuwa wa ukoo wa Joseph. Mtu ni yuleyule, na makala zake zimetawanyika sehemu tatu.

Ukurasa wa mdogo wangu kwenye Google Scholar, tovuti inayokusanya makala za kitaaluma na kuhesabu nukuu zake, ulikuwa na makala sita, zilizonukuliwa mara 41, 12, 7, 5, 4 na 1. Fahirisi ya h, namba moja ya kumpima mtafiti kwa machapisho na nukuu zake, ambayo mwanafizikia Jorge Hirsch aliipendekeza mwaka 2005, inahesabiwa hivi: panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, shuka moja moja, na simama kabla namba ya nafasi haijazidi nukuu; nafasi uliyosimama ndiyo h. Makala ya nne ina nukuu 5, inapita. Ya tano ina 4, haifiki. Kwa hiyo h yake ni 4. Tulipotafuta kwa prenomu yake peke yake, ikajitokeza makala ya saba, yenye nukuu 9, ambayo haikuwa imeunganishwa na ukurasa wake. Tukaiingiza: 41, 12, 9, 7, 5, 4, 1. Sasa ya tano ina nukuu 5, na h imepanda hadi 5. Hakuna sentensi mpya aliyoandika usiku ule.

Swali la majarida linaniumiza, maana nimelisikia miaka mingi. Katika fani yetu makala nzito hupelekwa kwenye makongamano kama ACL na EMNLP. Wahakiki wanaisoma nzima bila kujua nani kaiandika, na makala nyingi zinakataliwa. Makala ya BLEU, kipimo cha tafsiri ya mashine kinachotumika mpaka leo, ilitoka ACL mwaka 2002. Ya BERT, modeli maarufu ya lugha, ilitoka kwenye kongamano la NAACL mwaka 2019. Anayehesabu majarida peke yake amezifuta zote mbili. Na zote zinasomwa bure kwenye ACL Anthology, maktaba ya mtandaoni ya fani yetu, jambo kubwa kwa mtu anayenunua mega za intaneti kwa kipimo.

Halafu tukaja kwenye ile 41. Ni makala kuhusu data aliyokusanya mwenyewe: sentensi za Kiswahili cha hapa kwetu, zilizowekwa alama kwenye majina ya watu na mahali. Tulizifungua makala zilizomnukuu, moja baada ya nyingine, mpaka umeme ukakatika tukaendelea na simu. Nyingi zinamtaja katika mstari mmoja, pamoja na wengine kumi, kuonyesha kwamba lugha za Afrika zimeshafanyiwa kazi. Tisa tu ndizo zilizotumia data yenyewe. Kwangu mimi hizo tisa zina uzito kuliko zile thelathini na mbili, kwa sababu mtu alipakua mafaili, akayafungua na kufundisha modeli nayo.

Katika hizo tisa, baadhi zimeandika "Kiswahili" tu. Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake wa kimataifa, swc, na kile cha pwani ni swh. Modeli iliyozoea *watoto* na *ninaenda* inakutana na *batoto* na *niko naenda*. Tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya azunguke soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na daftari, na haionekani popote katika namba 41.

Kuna pia nafasi ya mwandishi katika orodha ya majina juu ya makala. Kwetu wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa. Lakini kazi za pamoja zina sura nyingine: makala ya Masakhane, kundi la watafiti wa lugha za Afrika, ya mwaka 2020 kuhusu tafsiri ya mashine kwa lugha za Afrika ina waandishi zaidi ya 40. Kuwa wa ishirini pale si aibu hata kidogo, ila inabidi ueleze ulichofanya.

Basi tukaandika upya zile karatasi. Juu kabisa ipo namba yake ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti, tarakimu 16 zisizobadilika hata jina likipinduliwa. Chini ya kila makala upo mstari mmoja: ilihakikiwa wapi, yeye alifanya nini, nani ametumia data yake. Jina amelichagulia mpangilio mmoja, na ameahidi kutouacha tena.

Jumatatu amezipeleka. Tunasubiri jibu.