Miswada ya Mantiki ya Kilatini: Tazama na Pambizo

Mgeni akifika kwenye chumba chetu cha miswada ya kale, ombi huwa lile lile: aonyeshwe kitabu chenye dhahabu na picha. Tunamwonyesha, anafurahi. Kisha mimi humwekea mezani kitabu kingine, kidogo, ngozi yake imekuwa ya kahawia kwa jasho la vidole, maandishi yamebanana kama sisimizi kwenye sukari, na hakuna hata ua moja. Wengi hukitazama kwa adabu tu, wakisubiri nikifunge. Hicho ndicho ninachotaka kukieleza leo, kwa sababu kwa mtu anayetaka kujua Ulaya ya karne ya 13 na ya 14 ilifikirije, kitabu cha dhahabu kina machache ya kumwambia.

Vitabu hivi vilikuwa vya wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu kama Paris, Oxford na Bologna. Mantiki ilikuwa somo la kuanzia, na wengi waliolianza walikuwa bado wavulana. Walisoma Aristotle kwa Kilatini, sehemu yake kwa tafsiri alizofanya Mrumi Boethius mwanzoni mwa karne ya 6, na nyingine kwa tafsiri za karne ya 12. Kabla ya Aristotle walipitishwa kwenye utangulizi mfupi wa mwanafalsafa Porphyry, uitwao Isagoge. Aliyesoma mantiki kwa mashekhe atalitambua jina hilo: ndilo Isaghuji, ambalo al-Abhari alikipa kitabu chake kidogo cha mantiki katika karne hiyo hiyo ya 13. Mto ulikuwa mmoja, watu walichota kwenye kingo mbili. Na walichoteana pia. Katika miswada ya Kilatini, Aristotle huitwa “Mwanafalsafa” tu, na Ibn Rushd wa Cordoba huitwa “Mfafanuzi”, bila jina, kana kwamba hakuna mwingine. Ufafanuzi wake mrefu wa kitabu cha Aristotle kuhusu nafsi leo unapatikana mzima kwa Kilatini peke yake. Kiarabu chake kimebaki vipande vipande.

Sasa vitabu vilizalishwaje kwa wingi wakati mashine ya kuchapa haijaja? Aliyewahi kuhudhuria hitima ataelewa haraka. Msahafu hugawanywa juzuu thelathini, kila mtu akapewa yake, na kwa kikao kimoja Kurani nzima ikasomwa. Paris walifanya jambo la jinsi hiyo katika kunakili. Mwenye duka la vitabu aliweka nakala mama ambayo haikushonwa. Ilikaa vipande vipande, kila kipande kikiitwa pecia, na kwa kawaida kilikuwa na karatasi nne za ngozi, yaani kurasa nane. Mnakili alikodi kipande cha kwanza, akakinakili, akakirudisha, akachukua cha pili. Wakati huo huo mwenzake alikuwa na cha saba, mwingine ana cha ishirini. Chuo kikuu ndicho kilichopanga kodi, ili mwenye duka asiwakamue watu. Orodha ya mwaka 1304 ingalipo, nayo inataja kitabu, idadi ya vipande vyake na bei ya kukodi.

Ushahidi wa biashara hii uko pambizoni. Mnakili akimaliza kipande aliandika namba yake pembeni, ndogo sana, kama vile xii p, yaani pecia ya 12, na mara nyingi hapo hapo rangi ya wino hubadilika, kwa kuwa amerudi kesho yake na wino mwingine. Wakati mwingine kipande alichokitaka kilikuwa kwa mtu, naye hakungoja: aliacha nafasi, akaendelea na kinachofuata, kisha akarudi kuziba. Utamjua tu. Nafasi ikiwa ndogo, herufi zinabanwa hadi zinapandana. Ikiwa kubwa, zinanyooshwa kama mpira. Anayeangalia maneno peke yake hayaoni haya.

Kinachowakatisha tamaa wanafunzi wetu zaidi ni vifupisho. Ngozi ilikuwa ghali, mkono unachoka, na msomaji aliyajua maneno ya fani yake kwa moyo, basi kwa nini umwandikie kila herufi? Chukua herufi p peke yake. Ikikatwa mstari kwenye mguu, soma per. Mstari huo ukiwa umepinda kama mkia upande wa kushoto, soma pro. Mstari ukikaa juu ya kichwa, soma prae. Herufi g yenye o ndogo juu yake ni ergo. Yenye i ndogo ni igitur. Zote mbili maana yake “kwa hiyo”, kwa hiyo hapo ukikosea hakuna aliyekufa. Lakini neno non, yaani “si”, mara nyingi ni n yenye kistari juu, na mnakili mwenye usingizi akiiruka alama hiyo moja, mwanafalsafa anakuwa amesema kinyume cha alichofundisha maisha yake yote. Mwaka 1899 Mwitaliano Adriano Cappelli alichapisha kamusi ya vifupisho hivi, ina maelfu yake, na hadi leo haikosekani mezani kwetu.

Mantiki ina balaa yake ya ziada: maneno yanarudiwarudiwa. Fikiria mnakili mbele ya sentensi hii: “Kila binadamu ni mnyama, na kila mnyama ana uhai.” Anaandika mpaka “mnyama” wa kwanza, anachovya unyoya, anarudisha jicho kwenye nakala, jicho linatua kwenye “mnyama” wa pili. Matokeo: “Kila binadamu ni mnyama ana uhai.” Hoja imekatwa kiuno. Makosa ya namna hii yanatuudhi, lakini tunayapenda kuliko tunavyokiri. Miswada miwili ikiruka maneno yale yale mahali pale pale, kuna uwezekano mkubwa ina mzazi mmoja, na kwa makosa kama hayo wahariri huchora ukoo mzima wa kitabu.

Mwanafunzi alikumbukaje mantiki yote hii bila kitabu, maana si wote walikuwa nacho? Kwa kughani. Kuna beti za Kilatini zinazoanza Barbara, Celarent, Darii, Ferio, nazo zimo katika kitabu cha mantiki cha Petro wa Hispania, ambacho nakala zake za mkono zilizobaki zinapita 300. Maneno hayo yanasikika kama majina ya watu, kumbe ni mashine. Kila neno ni umbo moja la hoja ya sentensi tatu, na irabu zake ndizo sentensi hizo: a ni “kila”, e ni “hakuna”, i ni “baadhi ni”, o ni “baadhi si”. Barbara ina a tatu: kila mnyama hufa, kila ng'ombe ni mnyama, kwa hiyo kila ng'ombe hufa.

Bocardo ni ngumu zaidi. O, a, o: baadhi ya samaki hawana magamba, kila samaki ni mnyama, kwa hiyo baadhi ya wanyama hawana magamba. Herufi c iliyo katikati inamwagiza mwanafunzi athibitishe kwa kumbana anayebisha, na B ya mwanzo inamwambia atafikia Barbara. Haya, bisha: sema kila mnyama ana magamba. Kwa kuwa kila samaki ni mnyama, itabidi kila samaki awe na magamba. Kambale atakukana.

Bahati ya vitabu haikuwa sawa. Dialectica ya Peter Abelard, mmoja wa vichwa vikali kabisa vya karne ya 12, imebaki katika mswada mmoja tu, uliopo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, tena mwanzo wake umepotea. Miswada ya mwanafalsafa Duns Scotus ni mingi, na ulioko Assisi, Italia, namba 137, una hazina pembeni: mtu aliulinganisha na kitabu cha Scotus mwenyewe, akaandika pambizoni kipi hakikuwemo na kipi mwenyewe alikifuta.

Huyo Scotus ndiye aliyekuja kudhalilishwa Oxford. Mwaka 1535 Richard Layton, mjumbe wa serikali ya Mfalme Henry VIII, aliandika barua akijisifu kwamba wamemtia “Dunce”, yaani Duns Scotus, ndani ya Bocardo. Bocardo lilikuwa pia jina la jela ya Oxford. Aliporudi New College alikuta ua mzima umejaa karatasi za Scotus, upepo ukizipeperusha kila kona, na bwana mmoja kutoka Buckinghamshire akiziokota. Alisema anakwenda kuzitundika msituni kwake zitishe paa wasitoroke, kama mkulima anavyotundika vitambaa shambani.

Karatasi nyingine ziliokotwa na mafundi wa kujalidi, wakazikata vipande vya kuimarishia vitabu vipya. Bado zimo humo. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha Ulaya cha karne ya 16, na ndani ya mgongo wake umejitokeza ukanda wa ngozi wenye maandishi ya kahawia, usiuvute. Upige picha ukiwa hapo hapo, ulete kitabu kwa mtunza miswada, na ukiwa njiani tafuta p iliyokatwa mguu.