Una MS na shingo na bega vinauma? Maswali na majibu

Nina MS, sasa shingo na bega la kulia vinaniuma mwezi wa pili huu. Nimepiga eksirei iko safi, daktari akaniambia "ni hiyo hiyo MS yako". Ni kweli?

Inaweza ikawa kweli na inaweza isiwe, na hilo jibu la "ni hiyo hiyo" mimi binafsi silipendi, mana mtu akishakwambia hivyo hakuna anayegusa tena hilo bega. MS, kwa kirefu maltipo sklerosisi, ni pale kinga ya mwili inapogeuka ikaanza kushambulia mayelini, ule utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo, ukichubuka unabaki na makovu, taarifa zinachelewa, zinapotea au zinafika zimevurugika. Sehemu ya uti inayopita shingoni hupata sana makovu hayo, kwahiyo ndio, shingo inaweza kuuma sababu ya MS.

Lakini mtu wa MS nae ana shingo kama watu wengine, inabeba kichwa cha kilo 4 mpaka 5 kutwa nzima, pingili zinasagika, diski zinachomoza, misuli inachoka. Na hiyo eksirei safi isikudanganye, eksirei inaonyesha mifupa, misuli na mishipa ya fahamu haionekani pale, kuviona hivyo inabidi MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, au mtu akushike kwa mikono yake akuangalie.

Sasa ntajuaje yangu ni ya aina gani?

Sikiliza inavyouma. Ya mishipa ya fahamu inachoma, inawaka, inapiga shoti, wengine hata kola ya shati ikigusa ngozi hawataki, na inaweza kuja umetulia zako hujafanya lolote, usiku ndio zaidi. Ya misuli na viungo ni nzito, inavuta, unaweza kuweka kidole ukasema "hapa", ukigeuka upande fulani inazidi ukibadilisha mkao inapoa. Halafu kuna ile ya kukaza, misuli inakakamaa yenyewe, unaamka asubuhi bega limepanda kama umebeba kitu. Shida ni kwamba watu wengi wanazo mbili au zote tatu kwa pamoja, ndo mana inaonekana haielezeki, unatibu moja nyingine inabaki unasema dawa haifanyi kazi.

Andika kwa wiki moja, kwenye simu tu inatosha. Sio "inauma sana", andika kitu kama "Jumanne saa 4 usiku, nimelala chali, inachoma kuanzia nyuma ya sikio mpaka ncha ya bega, dakika 20, nilipokaa ikapungua". Mstari mmoja wa namna hiyo unamsaidia daktari kuliko kusema inauma mara kumi.

Nikiinamisha kichwa kuangalia simu nasikia shoti inashuka mgongoni mpaka miguuni. Nakufa?

Hapana, hufi. Inaitwa dalili ya Lhermitte, kwa jina la Mfaransa Jean Lhermitte aliyeandika juu yake mwaka 1924. Ukiinama uti unavutika kidogo, na pale penye kovu ndipo shoti inapotokea, sekunde chache imeisha. Inatisha kuliko inavyodhuru. Ila kama ndio mara ya kwanza sema hospitali, mana diski inayobana uti au upungufu wa vitamini B12 navyo vinaleta shoti hiyo hiyo. Na simu inua ije usawa wa macho, shingo isiifuate chini.

Natembelea fimbo, inahusiana na bega?

Hapa ntakaa kidogo, mana mimi kazi yangu ni fizio, tiba ya mazoezi ya viungo, na hili naliona sana. Alikuja mama mmoja mtu mzima, ana MS miaka mingi, bega la kulia limemsumbua mpaka kulala hawezi, ameshabadilishiwa vidonge mara tatu. Nikamwambia mama, hebu simama na fimbo yako nikuone. Akasimama, bega limepanda karibu liguse sikio. Nikamuuliza fimbo umeitoa wapi, akasema ilikua ya marehemu mume wangu. Baba alikua mrefu! Tukaikata sentimita 6, tukarudisha mpira wake chini, na vimazoezi viwili vitatu, baada ya wiki kadhaa bega likashuka. MS yake iko pale pale, miguu bado inamsumbua, ila bega halikua la MS, lilikua la fimbo.

Pima hivi: vaa viatu unavyotembelea kila siku, simama wima, mkono uning'inie, kichwa cha fimbo kiwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiishika kiwiko kinakunjika kidogo tu. Na fimbo inashikwa upande wa mguu wenye nguvu, sio upande wa mguu mbovu, wengi wanafanya kinyume.

Wanaosukuma kiti cha magurudumu wenyewe mabega nayo yanachakaa, na ambao mkono mmoja umelegea, uzito wake unavuta bega chini kutwa nzima, ukikaa uweke juu ya mto. Usiache pia kuutumia kabisa kwa kuogopa maumivu, bega linaganda, na bega likiganda kulirudisha ni miezi, sio siku.

Parasetamoli haifanyi kitu. Nimeze nini?

Kama ni ya mishipa ya fahamu sishangai, parasetamoli haiifikii hiyo. Madaktari hutumia amitriptilini, gabapentini, prigabalini au duloksetini, usishtuke ukisoma karatasi ya ndani ukakuta ni za sonona au kifafa, ndivyo zilivyoanza. Ya kukaza wanatoa baklofeni au tizanidini, wanaanza na dozi ndogo, mana wengine ule mkazo ndio unaowasimamisha, ukiondoka wote ghafla miguu inalegea. Na baklofeni USIIACHE ghafla hata kama imekuchosha, mtu anaweza kuanza kuona vitu visivyokuwepo au kupata degedege, inapunguzwa kidogo kidogo na daktari. Ibuprofeni inaweza kusaidia ya misuli kwa siku chache, ukiifanya chakula cha kila siku tumbo na figo ndio vinalipa.

Kukanda na maji ya moto je?

Kitaulo cha joto shingoni dakika 15 wengi kinawafaa. Ila MS na joto haziivi, mwili ukipanda joto dalili zinazidi kwa muda, macho yanafifia, miguu inakua mizito, ukipoa unarudi hali yako ya kawaida. Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliliona hilo mwaka 1890. Kwahiyo kama joto linakulegeza tumia baridi. Na kama ngozi ya shingo ina ganzi, pima joto kwa mkono unaosikia vizuri, nimeona watu wameungua hawajui. Masaji ya taratibu sawa, lakini wale wa kukupindisha shingo mpaka ilie "ka!", mimi nasema hapana.

Lini nikimbie hospitali?

Bega au shingo inauma na kifua kinabana, jasho, pumzi inakata, huo unaweza kuwa moyo, usisubiri. Homa na shingo ngumu na kichwa kinauma. Umeanguka, hasa kama umeshatumia sana steroidi, zile dawa za kutuliza shambulio la MS, mana zinadhoofisha mifupa. Mikono au miguu imelegea ghafla, au mkojo unatoka bila kujijua. Na dalili mpya ya MS ikizidi saa 24 piga simu kwa daktari wako, watapima na U.T.I (maambukizi ya njia ya mkojo) kwanza, maambukizi yanaiga shambulio la MS vizuri sana.

Vipimo vyote safi, nyumbani washaanza kuona najidekeza.

Kipimo safi maana yake ni kwamba hicho kipimo hakijaona, sio kwamba hauumwi. Rudi, na safari hii usiulize "ni MS au sio MS", sema hivi: "Daktari, naomba uniangalie hili bega kama vile sina MS." Akunyanyue mkono, akugeuze shingo, abonyeze, aangalie nguvu na ganzi pande zote mbili. Na fimbo nenda nayo, na mto unaolalia upige picha.