Vifaa vitatu, faili moja

Haya, tena: "Faili iko kwenye simu, iko kwenye kompyuta, iko Google Drive. Nina nakala tatu." Huna. Mara nyingi unayo moja, nayo iko kwenye seva za Google, si hapa Mombasa.

Ile orodha unayoiona kwenye Drive ya simu ni majina na vijipicha tu. Faili huteremshwa unapoigusa. Ndiyo maana karani yuko geti la bandari, bando limekwisha, jina la ankara analiona lakini haifunguki. Dawa ni kugusa nukta tatu kando ya jina la faili, kisha kuruhusu ipatikane nje ya mtandao, kabla hajatoka ofisini.

Kompyuta ya mezani hudanganya kwa ustadi zaidi. Programu yake ya Drive ina namna mbili: kutiririsha na kuakisi. Ukitiririsha, Windows inakuonyesha diski, mara nyingi herufi G, folda zimepangwa vizuri, ukubwa wa kila faili umeandikwa, na ndani ya mashine yako huenda faili yenyewe haimo. Kuakisi huiweka faili nzima kwenye diski. Kwa kompyuta za GB 128 nasita kukushauri hivyo, maana hujaa upesi na kusawazisha (kulinganisha faili kati ya vifaa na Drive) kukakwama huku wewe ukidhani mambo yanakwenda.

Hebu pima. Zima Wi-Fi, simu itie hali ya ndegeni, fungua kote kuwili faili ambayo hujaigusa tangu mwezi jana. Uone.

Na hata zikifunguka, bado si akiba! Kusawazisha hubeba makosa kwa bidii ileile inayobebea kazi. Mwenzako akifuta folda kimakosa akiwa ferini Likoni, kompyuta ya ofisini Moi Avenue nayo itaitoa folda hiyo mara simu yake itakapopata mtandao. Tupio hushika siku 30, basi. Excel iliyoharibiwa bila kufutwa ina nafuu: tafuta matoleo ya zamani, ila nayo yaweza kufutika baada ya siku 30 au yakipita 100, usipoyawekea alama ya kudumu.

Akiba ni diski ya nje: nakili kila Ijumaa (kwa ofisi yenye kazi nyingi, hata hilo naliona chache), kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, kirusi cha kufunga mafaili kitaifunga pamoja na mengine. Na unaponakili kutoka G, intaneti iwepo: faili huteremshwa kwanza, kwa hiyo folda ya GB 40 italamba bando karibu GB 40.