Nyota zilizoshiba zikanyamaza

Nikimwekea mwanafunzi kipande cha limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, chini ya hadubini, simwambii kitu kwanza. Seli za saratani zimebanana, zambarau iliyokolea, na katikati yake kumetawanyika madoa meupe. Sura hiyo tunaiita anga yenye nyota. Ni anga ya kwetu: Denis Burkitt aliueleza uvimbe huu mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, na sampuli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London ndizo zilizofichua virusi vya Epstein-Barr, vinavyojificha ndani ya seli za uvimbe huo, mwaka 1964.

Zile nyota ni makrofaji, seli za kinga zinazomeza taka, matumbo yamejaa mabaki ya seli zilizokufa. Uvimbe huu hukua upesi, na seli zake hufa kwa wingi vilevile. Mwaka jana mmoja aliinua kichwa akaniuliza, "Daktari, kama zinaila saratani usiku na mchana, mbona kinga haiamki?"

Kwa sababu kula ni kazi moja, na kutoa taarifa ni nyingine. Seli inayokufa kwa utaratibu hutoa nje mafuta ya utando wake yaitwayo fosfatidilserini. Makrofaji ikiyagusa, huimeza, huisaga hadi mwisho, kisha hutuliza mtaa. Na afadhali. Mwili hupoteza mabilioni ya seli kila siku. Kila kifo kingepigiwa mbiu, tungeishi na homa.

Mpiga mbiu ni seli dendraiti, ambayo Ralph Steinman na Zanvil Cohn waliieleza mwaka 1973. Aina yake moja, adimu, ina kipokezi kiitwacho DNGR-1. Hiki hutafuta nyuzi za aktini, yaani kiunzi cha ndani cha seli. Nyuzi hizo zikionekana nje, basi utando umeshapasuka.

Hapa ndipo penye utamu. Mabaki yaliyomezwa hukaa kwenye kifuko, na yakibaki humo yatasagwa tu. Ili seli T za CD8, zile askari wauaji wa kinga, zionyeshwe vipande vyake, kwa kawaida lazima protini zifike kwanza kwenye saitoplazimu, ujiuji wa ndani ya seli nje ya kifuko. Zitatokaje? Wengi tulikuwa tukitafuta mlango. Mwaka 2021 maabara ya Caetano Reis e Sousa, London, ilionyesha jambo la fujo zaidi: DNGR-1 ikishika aktini huamsha kimeng'enya Syk, oksijeni kali inazalishwa ndani ya kifuko, utando unaharibika, kifuko kinapasuka. Mabaki yanamwagika, proteasomu, mashine ya seli ya kukata protini, inayakatakata, na vipande vinapandishwa juu ya seli vikiwa vimeshikwa na molekuli za MHC, vishikizo vya kuvionyesha kwa seli T.

Mbali na kifo hicho cha kimya kinachomezwa na makrofaji, Burkitt ina hila nyingine pia. Virusi ndani yake huzima karibu protini zote na kubakiza EBNA1, yenye mfululizo wa glisini na alanini unaoizuia isionyeshwe vizuri kwa seli T.

Mwanafunzi alirudi kwenye hadubini kuisaka seli dendraiti. Nikamwacha ahangaike kidogo kabla ya kumwambia kwamba kwa rangi hizi za kawaida hataitambua; inataka kingamwili maalumu ya kuipaka.