Nyoka jike wa kuzalisha analishwa mwaka kabla, sio mwezi kabla

Watu wanaotaka kuzalisha nyoka karibu wote wananiuliza kitu kimoja, nimpe panya wangapi kwa wiki ili atage mayai mengi, na mi nawaambia achana na hesabu ya panya kwanza, mshike nyoka mwenyewe umpapase. Mayai hayatoki kwenye panya aliyekula wiki hii. Chukua chatu mpira (Python regius, yule mfupi wa Afrika Magharibi anayejiviringa akiogopa), jike wake anatengeneza viini vya mayai kwa akiba aliyojijazia mwilini miezi na miezi nyuma, halafu mayai yakishakua tumboni wengi wanagoma kula kabisa, wanataga, wanaatamia karibu miezi miwili na bado hawajagusa kitu. Kwa hiyo ukianza kumshindilia chakula wiki chache kabla ya kumpandisha umeshachelewa, na kibaya zaidi unaweza kumnenepesha mpaka mayai yakamkwama.

Sasa kumpapasa kwenyewe. Muache atulie mikononi, pitisha kidole gumba juu ya uti wa mgongo katikati ya mwili. Uti ukichomoza mkali na mbavu unazisikia moja moja, amekonda, huyo hapandishwi. Mgongo ukiwa bapa, au umeingia ndani ukafanya mfereji pale juu ya uti, amezidi. Halafu mwangalie akijikunja, ukiona ngozi inajipanga mikunjo mikunjo kwenye kona na magamba yameachana hata siku ambazo hana chakula tumboni, hayo ni mafuta. Mi namtaka awe na mgongo kama paa la nyumba lenye kona zilizolainishwa, na misuli inayokubana vizuri ukimshika. Mkia nao unasema, unatakiwa upungue taratibu kuanzia kwenye tundu la haja, sio unene unakatika ghafla.

Mizani ya gramu ni lazima lakini isikudanganye. Wafugaji wengi wanasubiri chatu mpira jike afike gramu 1,500 na miaka 3, nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus wa Marekani) gramu 300 na miaka 3 pia, na hapo neno "na" ndio muhimu, maana nyoka wa mwaka mmoja na nusu aliyelishwa kwa fujo akafika gramu hizo bado ni mtoto mwenye mwili mkubwa.

Kiasi sasa. Mdogo anayekua anakula windo la asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake kila wiki hivi. Jike mzima wa chatu mpira mi nampa asilimia 5 kila siku 10 mpaka 14, yaani mwenye gramu 1,600 anapata panya wa gramu 80, basi. Napendelea windo dogo mara nyingi kuliko likubwa mara moja, hasa mayai yakishaanza kuchukua nafasi tumboni, kwa sababu windo kubwa wakati huo linambana na anaweza kulitapika. Akitapika mpumzishe siku 10 mpaka 14 kabla hujamjaribu tena, na uanze na kadogo. Na usimlishe vichanga vya panya visivyo na manyoya ukidhani wingi utafidia, mifupa yao haina kalsiamu ya maana na jike anaihitaji kwa maganda ya mayai. Mpe panya aliyekua, mwili wote bila kumkata.

Nyoka wa mahindi wao wako tofauti kidogo. Wanaopitishwa kwenye kipindi cha baridi, yaani mfugaji anawashushia joto wapumzike kabla ya kuwapandisha, wanasimamishwa kula wiki 2 au zaidi kabla, huku joto likiwa bado la kawaida ili tumbo liishe kabisa, kwa sababu chakula kikibaki humo na joto limeshuka kinaoza na nyoka anaweza kufa. Wakiamshwa wanakuwa na njaa kweli na hapo unaweza kuwapa kila wiki mpaka mayai yawajae, hicho kidirisha msikipoteze. Wakishajivua gamba la kabla ya kutaga, wanataga kama siku 10 mpaka 14 baadaye, chatu mpira kama siku 30, na katikati hapo akikataa chakula muache. Kumuachia panya hai usiku kucha ukidhani ataamua kula ni hatari, panya anamtafuna nyoka vibaya sana. Windo la friza lililoyeyushwa na kupashwa moto ndio salama, na lisipoliwa mpaka asubuhi unatupa.

Madume wa chatu mpira wengi wanasahau chakula msimu ukianza, hilo ni kawaida, we pima tu uzito, akipoteza asilimia 10 mtoe kwa majike apumzike.

Sehemu wengi wanayoipuuza ni baada ya kutaga, na kwangu ndio kazi yenyewe. Jike ametoka amelegea, ngozi imemning'inia ubavuni, na kama mayai umeyapeleka kwenye kiatamishi bado ananusa harufu yake na anaendelea kujikunja mahali pale pale. Muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, badilisha kila kitu ndani ya kizimba, hapo wengi wanakumbuka kula. Mlo wa kwanza uwe nusu ya ule aliozoea, akiusaga vizuri ongeza, halafu kila wiki mpaka uti ufunikwe na misuli tena. Nyoka wa mahindi anaweza kutaga mara ya pili miezi michache tu baadaye, kwa hiyo yeye usimcheleweshe hata wiki. Na msimu mwingine ukifika jike hajarudisha uzito aliokuwa nao kabla ya mayai, simpandishi, anakaa peke yake mwaka mzima anakula ratiba ya kawaida.