Oili ya injini za boti: kinachothibitisha ubora ni maandishi ya kopo, si rangi

Malalamiko kuhusu injini za boti zinazokwama pistoni ziwani yameongezeka, hasa kutoka kwa wavuvi na wasafirishaji wa Ziwa Victoria, na mengi yanafanana. Mlalamikaji amenunua oili iliyopimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, hana risiti, hakumbuki jina lililokuwa kwenye kopo la dukani, na anachoomba ni duka hilo lifungwe kesho yake. Hatuna shaka na nia yake wala na ukubwa wa hasara yake. Hata hivyo, sisi wakaguzi wa viwango wa Tanzania sheria haituruhusu kufunga biashara ya mtu kwa maelezo ya mdomo, na sehemu kubwa ya malalamiko hayo ingeepukika wakati wa kununua. Makala hii haipendekezi chapa yoyote wala haimtuhumu mzalishaji yeyote.

Oili inayostahili kuchanganywa na petroli kwa ajili ya injini za boti za mipigo miwili zinazopachikwa nyuma, zile ambazo wavuvi huziita mashine, ni ile yenye alama ya TC-W3. Kiwango hicho kinasimamiwa na NMMA, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, na oili iliyothibitishwa nacho huwa na namba ya usajili inayoanza na herufi RL. Namba hiyo huchapishwa kwa maandishi madogo nyuma ya kopo, mahali ambapo wanunuzi wengi hawafiki kwa sababu wameridhika na picha ya boti iliyo mbele.

Alama ya 2T, yaani oili ya injini za mipigo miwili kwa ujumla, haitoshi peke yake. Pikipiki ya mipigo miwili na msumeno wa kukatia miti hupozwa kwa hewa, silinda zake zina joto kali, na oili zake, ambazo mara nyingi hubeba alama ya JASO FC au FD, ambavyo ni viwango vya Japani, huweza kuwa na kemikali za kusafisha zenye madini. Injini ya boti huvuta maji ya ziwa ili kujipoza, kwa hiyo silinda yake hubaki na joto la chini zaidi huku ikibeba mzigo mkubwa kwa kasi ileile kwa saa nyingi. Madini hayo yakiungua humo huacha majivu yanayojijenga juu ya pistoni, kwenye ringi na kwenye plagi, hadi ringi zishikane na mchanganyiko uanze kuwaka kabla ya wakati wake. TC-W3 imetengenezwa isiache majivu. Wanaotumia oili nzito ya magari kwa hoja kwamba ni nzito na kwa hiyo inalinda zaidi wanaongeza tatizo hilohilo, kwa kuwa oili hiyo ina madini mengi zaidi na haichanganyiki vizuri na petroli.

Kuhusu rangi, tumeeleza mara nyingi na tunaeleza tena: ubuluu au ukijani wa oili ni rangi iliyotiwa kiwandani ili mtu aone kama petroli yake imekwishachanganywa au bado. Rangi haipimi ubora. Anayeghushi oili huweza kununua rangi kwa bei ndogo sana, na kwa kweli ndicho kitu cha kwanza anachonunua.

Kipimo cha kuchanganya hufuata kitabu cha mtengenezaji wa injini. Kwa injini nyingi zilizoko katika mialo yetu ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, au mililita 400 kwa dumu la lita 20. Injini mpya kwa kawaida huongezewa oili mara mbili ya hapo katika saa zake za mwanzo. Baada ya hapo, kuzidisha oili "kwa usalama" si usalama: nafasi ya petroli inachukuliwa na oili, plagi huchafuka, moshi huongezeka, na injini huchoma kwa joto zaidi kwa sababu mchanganyiko umepungukiwa petroli. Isitoshe, injini ya aina hii yenye kabureta hutoa sehemu ya mchanganyiko wake bila kuungua kupitia bomba la moshi lililo ndani ya maji, kwa hiyo oili iliyozidi huishia katika ziwa lilelile linalovuliwa samaki.

Yapo pia makopo yenye picha ya chombo cha kusafiria juu ya theluji. Oili hiyo imetengenezwa itiririke katika baridi ya nchi kama Kanada, jambo ambalo halihitajiki kisiwani Ukerewe. Baadhi yake hubeba pia alama ya TC-W3 na baadhi haibebi, kwa hiyo jibu ni lilelile: soma nyuma ya kopo.

Anayetaka kulalamika aje na kopo lenyewe likiwa na kifuniko chake, namba ya toleo isiyofutwa, oili iliyobaki ndani yake na risiti ya mashine ya kielektroniki. Muuzaji asiyetoa risiti anatenda kosa, na mnunuzi asiyeidai anatenda kosa pia chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Wapo wanaoshangaa wanapoambiwa hivyo. Oili iliyohamishiwa kwenye chupa nyingine tunaweza kuipima, lakini majibu yake hayamfungi mtu yeyote, kwa kuwa hakuna anayeweza kuthibitisha ilikotoka.

Malalamiko yakikubaliwa, mkaguzi hutumia mamlaka aliyopewa na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 kuingia dukani, kuchukua sampuli kutoka makopo yaliyofungwa na kuzuia mzigo usiuzwe wakati vipimo vinaendelea. Sampuli hufungwa kwa lakiri mbele ya muuzaji, naye hutakiwa kutia saini. Akikataa, kukataa kwake kunaandikwa na kazi inaendelea. Katika maabara hupimwa mnato, joto ambalo mvuke wa oili huanza kushika moto, na majivu. Kipimo cha pili hufichua oili iliyochanganywa na mafuta ya taa, na cha tatu hufichua oili ya magari iliyotiwa rangi ya buluu. Mzigo ukithibitika kuwa hafifu, huteketezwa kwa gharama ya mwenye mali, ambaye pia huweza kufikishwa mahakamani na kuadhibiwa kwa faini, kifungo au vyote viwili. Ikiwa nembo imeghushiwa, suala hilo huihusu pia Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Sampuli nyingine hupatikana kuwa na oili nzuri. Mlalamikaji anayepewa majibu hayo kwa kawaida hudai tumemkingia kifua mfanyabiashara, ilhali pistoni hukwama pia pale pampu ya maji inapokuwa na impela (gurudumu dogo linalosukuma maji) iliyochakaa au njia zake zinapozibwa na mchanga na magugu. Fundi aifungue pampu hiyo kwanza, kabla kopo halijaletwa kwetu.