Nuru Ikiwa Chambo: Hadithi Ambayo Star Wars Haijaisimulia

Panda mlima wowote wa Mwanza unaotazama Ziwa Victoria, usiku ambao mwezi haupo, utaona mji mwingine umewaka juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Vijana ninaowafundisha kuandika skripti, hasa wapenzi wa hadithi za anga, nawapeleka huko kwanza kabla hawajaandika hata mstari mmoja.

Huniuliza sana: Star Wars, ule mfululizo wa filamu za vita vya angani, imebakiwa na nini cha kusimulia? Filamu ya kwanza ilitoka 1977, na zile tisa za ukoo wa Skywalker zikafika mwisho 2019. Silaha ya kulipua sayari tuliiona 1977, tukaiona tena ikijengwa 1983, na 2015 ikarudi kubwa zaidi. Wengi hudhani tiba yake ni kuongeza sayari na viumbe. Sikubaliani nao. Sayari ziko tele. Kilichochakaa ni ile sheria ya ndani kwamba nuru ni wema na giza ni ubaya. Anayetaka jambo jipya aipindue hiyo, kisha aangalie nani anaumia.

Dagaa wanaijua nuru vingine. Mvuvi anaielesha taa yake juu ya maji, zamani karabai, siku hizi ya betri au sola, halafu anasubiri. Dagaa wanaifuata. Wakishajaa, taa inavutwa taratibu kuelekea mtumbwini, na wavu unawazingira. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga umetapakaa kila mahali, dagaa hawakusanyiki, basi watu wanalala. Riziki iko kwenye giza. Mama anayeanika dagaa mchangani akisema giza limeingia, anasema kwa furaha.

Sasa ipeleke hiyo angani. Sayari ya maji, yenye miezi mitatu angani, giza kamili siku chache tu kwa mwaka, na siku hizo ndizo sikukuu. Anatua Jedi kijana, mmoja wa wale wapiganaji wa upande wa nuru, anawasha upanga wake wa mwanga, anatangaza kwamba amewaletea nuru. Bibi mmoja mwenye mitumbwi anautazama ule upanga, anamuuliza: “Umekuja kuvua nini?”

Mimi hapo nina filamu nzima. Kijana ataanza kukumbuka kwamba kila sayari aliyotumwa, watoto wenye kipaji walimkusanyikia, wakaondoka naye, na wazazi wao hawakuwaona tena. Simhitaji adui mwenye kofia nyeusi. Namhitaji kijana huyu tu, asiyejua kama yeye ndiye mvuvi au ni taa iliyoshikwa na mtu mwingine.

Wazo la pili linanuka samaki. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 ili uvuvi unenepe. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi, na nyingi kati ya mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, zikatoweka au kuadimika. Lakini sangara huyo huyo ndiye aliyeleta viwanda vya minofu Mwanza, ajira, na ndege za mizigo kwenda Ulaya. Minofu ikapanda ndege, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yakabaki kwetu. Hebu fikiria dola ambayo haikulipua sayari. Iliachia kiumbe kimoja majini, ikaenda zake. Miaka 30 baadaye anakuja mwasi na sumu ya kukiangamiza, na anayemzuia mlangoni ni mjane aliyesomesha watoto wanne kwa kiumbe hicho. Nani shujaa? Nimeliandika onyesho hilo mara nyingi, na kila mara mjane ananishinda hoja.

Tena sauti ya Afrika Mashariki imo kwenye filamu za Star Wars tangu 1983: Nien Nunb, rubani msaidizi, alisemewa na Mkenya, Kipsang Rotich, kwa maneno ya lugha za kwao. Tumeingia kwa sauti. Hadithi zetu bado.

Nilipoziona filamu hizo mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, kile chumba cha video cha mtaani, mtafsiri wetu aliiita ile Nguvu wanayoitumia Jedi “dawa”. Aliona mbali kuliko alivyojua. Wasukuma wana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzia kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno wanacheza siku moja, uwanja mmoja, kila upande na dawa yake ya mvuto, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Hakuna anayekatwa mkono. Umati unaamua kwa miguu yake.

Waweke Jedi na Sith, mahasimu wao wa upande wa giza, uwanjani namna hiyo. Mwalimu mkuu wa Jedi, mzee, jasho linamtoka, anacheza kwa ufundi wote aliojaliwa, na mbele yake vumbi linatulia kwa sababu watu wamehamia upande wa pili.